Kuasili chui milia kwa ishara ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha baiolojia sekondari na ninasimamia klabu ya mazingira ya shule. Wanafunzi walipobandika cheti cha chui milia kwenye ubao wa matangazo, wazazi wakaanza kuuliza: huyu mnyama ni wa nani, nani kalipa, na kwa nini? Maswali yakazidi, mengine yakaja kwa simu kutoka Masasi, Nachingwea na Liwale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengi nimeyafupisha. Lile la tembo sikuthubutu.

Kuasili mnyama kwa ishara maana yake nini hasa?

Ni mchango wa fedha uliopewa sura ya mnyama. Unachagua chui milia kwenye orodha ya shirika la uhifadhi, unalipa, kisha unatumiwa cheti chenye jina lako, picha, maelezo mafupi ya maisha ya mnyama huyo na, ukilipa zaidi kidogo, mdoli wa manyoya. Chui mwenyewe habanduki alipo. Huna haki juu yake wala wajibu wa kumlisha, na hakuna karatasi ya mahakama. Fedha yako inaingia kwenye mfuko mmoja na za wenzako. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi ataelewa upesi: kadi ya mchango ina jina lako, lakini hakuna anayeuliza elfu hamsini yake ilinunua kuku yupi.

Kwa hiyo hakuna chui mmoja ambaye naweza kusema ni wangu?

Hapo mashirika yanatofautiana, na ni vizuri ujue kabla hujalipa. WWF, lile lenye nembo ya panda, linakupa cheti cha chui milia kwa jumla, na tawi lake la Marekani linaeleza kwamba fedha inasaidia kazi zake za kulinda wanyamapori na makazi yao duniani, haifungwi kwa mnyama mmoja. Born Free la Uingereza lina utaratibu mwingine: unachangia mnyama anayejulikana kwa jina, anayeishi katika kituo cha hifadhi, kama kile cha Bannerghatta karibu na mji wa Bangalore, India. Bustani za wanyama nazo zina mpango wao, na huko unachosaidia zaidi ni chakula na matunzo ya mnyama aliye ndani ya uzio.

Hata pale mnyama anapokuwa mmoja mwenye jina, walezi wake ni wengi. Kwa jirani zetu wa Nairobi, Sheldrick Wildlife Trust inalea watoto wa tembo waliopoteza mama zao, na mtu yeyote anaweza kuwa mlezi kwa kuanzia dola 50 kwa mwaka. Tembo mmoja ana walezi kutoka pembe zote za dunia, wala hakuna anayelalamika.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama chui wake atamtambua siku wakikutana. Nilimwambia amwombe Mungu wasikutane.

Chui milia wanapatikana Tanzania?

Hapana. Porini yupo Asia tu. Huku kwetu tuna simba, chui wa madoa na duma. Humu nikisema chui tu, namaanisha chui milia.

Wamebaki wangapi, na wako nchi gani?

Tathmini ya mwaka 2022 ya IUCN, shirika linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, iliweka idadi ya walio porini kati ya 3,726 na 5,578. Karne moja iliyopita hukadiriwa walikuwa kama 100,000. Uwanja mmoja wa mpira wa wastani ungewatosha wote waliobaki, na viti vingebaki vitupu.

Mwaka 2010 hali ilikuwa mbaya zaidi, makadirio yakiwa kama 3,200. Novemba ya mwaka huo viongozi wa nchi 13 zenye historia ya chui milia walikutana St Petersburg, Urusi, wakaweka lengo la kuongeza idadi mara mbili ifikapo 2022. Lengo hilo halikufikiwa kwa ujumla wake, lakini zipo nchi zilizofanya kazi ya kupigiwa mfano. Nepal ilikuwa na chui milia 121 mwaka 2009. Hesabu ya 2022 ikatoa 355. India, ambayo ndiyo yenye wengi kuliko nchi zote, ilihesabu 1,411 mwaka 2006 na wastani wa 3,682 mwaka 2022. Bhutan nayo ilipanda kutoka 103 mwaka 2015 hadi 131 mwaka 2022.

Upande wa pili ni msiba. Kambodia mara ya mwisho chui milia alinaswa na kamera mwaka 2007. Laos ni 2013. Malaysia wamebaki chini ya 150. Visiwa vya Bali na Java vilikuwa na chui milia wao, na hao hawapo tena duniani. Wale wa kuzunguka bahari ya Kaspi nao walikwisha katika karne iliyopita.

Ni nini kinachowamaliza?

Vitu vitatu, na vyote ukivitaja Mtwara hakuna anayeshangaa: mitego, misitu kukatwa, na biashara ya viungo.

Mitego ya nyaya ni balaa. WWF ilikadiria mwaka 2020 kwamba katika maeneo ya hifadhi ya Kambodia, Laos na Vietnam kuna mitego ya nyaya ipatayo milioni 12. Mtego wa waya hauchagui: uliwekwa kwa ajili ya nguruwe au paa, lakini mguu wa chui ukiingia nao unakaza vilevile. Asipokufa papo hapo, anaondoka na kidonda kinachooza, na chui mwenye mguu mbovu hawezi tena kukimbiza paa, hivyo anageukia ng'ombe wa watu. Isitoshe, mitego inamaliza mawindo yake hata pale inapomkosa yeye mwenyewe.

Biashara ya viungo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mifupa ya chui milia inatumika katika dawa za asili na kuchanganywa na pombe huko Asia. China ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1993, na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unakataza kuuza viungo vyake nje ya nchi. Chui milia alipoadimika, wafanyabiashara wakageukia mifupa ya simba. Mwaka 2017 Afrika Kusini iliruhusu mifupa ya simba 800 wa kufugwa isafirishwe nje. Na ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa, Msumbiji, simba wa porini wameuawa kwa ajili ya meno na kucha. Kwa hiyo anayesema chui wa Sumatra, Indonesia, hana uhusiano na simba wa Liwale aangalie soko: ni lile lile.

Mwalimu, tembo wamelala kwenye shamba langu la mahindi, wewe unaniambia nichangie paka wa India?

Swali hili lilitoka Liwale, na sina jibu la kumshinda nalo mtu aliyepoteza ekari zake usiku mmoja. La kwanza ni hili: kama ghala lako halina chakula cha kufikia mavuno yajayo, usichangie. Hakuna atakayekudai. Ukurasa huu ni kwa wenye ziada, hata iwe ndogo, wanaotaka kujua kabla ya kuitoa.

La pili ni refu kidogo. Watu wa Lindi wanajua kuishi na paka mkubwa kunagharimu nini. Craig Packer na watafiti wenzake Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha mwaka 2005 katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Maeneo yaliyoumia zaidi ni ya kusini mashariki, Lindi na Rufiji yakiwemo. Na sababu waliyoiona haikuwa ukali wa simba. Ilikuwa nguruwe pori.

Wazee watakueleza bila kuhitaji jarida. Pori likiisha wanyama, kinachobaki ni nguruwe, na nguruwe chakula chake ni mhogo na mahindi yako. Simba anamfuata nguruwe shambani. Wewe nawe uko shambani kwa sababu ya nguruwe huyo huyo, umelala kwenye dungu: miti minne, chaga, paa la makuti au nyasi, pembeni debe la kupiga kelele na kuni zinazofuka. Ukuta hamna. Vifo viliongezeka kuelekea mavuno, wakati watu wengi zaidi wanalala nje kulinda mazao.

Sasa vuka bahari uende Sundarbans, msitu wa mikoko unaogawanywa na India na Bangladesh. Ukiyaona mazingira yale utadhani uko delta ya Rufiji: mikoko, matope, mitumbwi, watu wa kaa na samaki. Chui milia wa kule wanaishi ndani ya mikoko hiyo, na wanaouawa ni wavuvi, wakata kuni na wavuna asali. Miaka ya 1980 watu waliwahi kuvaa vinyago vya sura ya mtu kisogoni, kwa kuwa chui hupenda kushambulia kwa nyuma. Vilisaidia kwa muda. Wajane wa waliouawa na chui wamekuwa wakinyanyapaliwa vijijini, wakiambiwa wameleta nuksi kwa waume zao. Nikisoma habari zao siwezi kusema ni mambo ya Wahindi.

Ndiyo maana nikiulizwa shirika lipi linafaa, kitu cha kwanza ninachotafuta kwenye taarifa zake si picha ya mtoto wa chui. Natafuta kama kuna fedha inayomfikia mtu anayelala jirani na chui. Upande wa India wa Sundarbans wamefunga nyavu za nailoni kwenye kingo za msitu ili chui asiingie kijijini. Nepal sheria inaruhusu kati ya asilimia 30 na 50 ya mapato ya hifadhi za taifa kurudi kwa wananchi wa maeneo ya pembezoni, na mazizi imara yasiyoingilika na chui yanajengwa huko. Shirika linalosaidia mambo hayo linastahili hela yako kuliko linalokuuzia huruma peke yake.

Kuhusu tembo wako: toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya mapema, kabla nyayo hazijafutika. Kanuni za mwaka 2011 ndizo zilizoweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeruhi na wafiwa; kwa aliyeuawa kiliwekwa shilingi milioni 1. Unajua na mimi najua kwamba hakuna mtu anayethaminiwa kwa milioni moja. Jina lenyewe, hata hivyo, linasema ni kufuta machozi, si fidia.

Fedha ikishafika, inafanya nini msituni?

Sehemu kubwa ni mishahara, posho, viatu, mafuta ya gari na mahema ya askari wa doria. Haivutii kwenye picha, lakini doria ndiyo inayotoa mitego ardhini.

Sehemu nyingine ni kuhesabu, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu wanafunzi wangu hupapenda. Mistari ya chui milia haifanani na ya mwenzake, kama alama za vidole vyetu. Mistari ya ubavu wa kushoto nayo haifanani na ya kulia ya chui huyo huyo. Kwa hiyo watafiti hufunga kamera mbili zinazojipiga zenyewe, moja kila upande wa njia, zikitazamana, usawa wa goti hivi. Mnyama akipita, joto la mwili na mwendo wake vinaiamsha kamera, picha mbili zinapigwa, kushoto na kulia. Kisha kompyuta inalinganisha mistari na kusema huyu tulishamwona Machi, huyu ni mgeni. Katika hesabu ya India ya 2018 kamera ziliwekwa sehemu 26,838 na kupiga picha karibu milioni 34.9. Zenye chui milia zilikuwa 76,651 tu. Zilizobaki ni swala, ng'ombe, majani yanayopeperuka na wapita njia.

Zamani walihesabu kwa nyayo, na nyayo zinaruhusu uongo. Hifadhi ya Sariska, jimbo la Rajasthan, hesabu rasmi ziliendelea kuonyesha chui wapo, hadi ilipogundulika mwanzoni mwa 2005 kwamba hakubaki hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza wote. Ilibidi waletwe wengine kutoka nje kuanzia 2008. Shirika likikuambia limeokoa chui, uliza nani kahesabu na kwa njia gani.

Kilichobaki kinakwenda kwenye shoroba (njia za wanyama kati ya msitu na msitu), elimu, kesi za ujangili, na uendeshaji wa ofisi. Ofisi isiyotumia hata senti kwa uendeshaji haipo. Inayotumia nusu ya michango kujitangaza, iache.

Kuna ushahidi kwamba inasaidia, au tunajifariji?

Upo, ila mchango wa walezi peke yake hauwezi kujisifu. Nepal na India zilifanikiwa kwanza kwa sababu serikali zao zilitaka. India ilianzisha mradi wake wa kitaifa wa chui milia tarehe 1 Aprili 1973 ikiwa na hifadhi tisa, na leo zimepita 50. Michango ya watu wa nje ilijaza mapengo. Kambodia mashirika yalikuwepo pia, na chui wakaisha.

Mafanikio nayo yana upande wake mchungu. Kule India vijiji vimehamishwa ili kupisha hifadhi, na si kila aliyehamishwa alihama kwa ridhaa au akalipwa inavyostahili. Nepal, chui walipoongezeka, watu walioshambuliwa nao wakaongezeka. Mimi naona shirika linaloyasema haya kwenye taarifa zake za mwaka linaaminika zaidi kuliko linaloonyesha furaha ukurasa baada ya ukurasa.

Nitajuaje kama si matapeli?

Mtanzania aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hahitaji somo refu. Anwani ya tovuti iandike mwenyewe. Usibofye kiungo kilichokuja WhatsApp. Shirika la kweli lina namba ya usajili wa hisani katika nchi yake, na namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye daftari la serikali. Mashirika makubwa ya hisani ya Uingereza na Wales, kwa mfano, yamo kwenye daftari la tume ya hisani na hesabu zao zinaonekana bure. Shirika halitakuomba utume fedha kwa namba binafsi ya simu, halitakuharakisha kwamba chui atakufa kesho usipolipa leo, na halitakuahidi faida. Ukisikia "asili chui, utapata gawio", kimbia.

Nimeona mtu anauza mtoto wa chui milia mtandaoni. Nikimnunua si ndiyo nimemwokoa?

Hapana, umemlipa aliyemteka, na atateka mwingine. Mara nyingi mtoto huyo hayupo kabisa. Wanachotaka ni malipo ya awali. Na akiwepo, kuingiza mnyama wa aina hiyo nchini bila vibali ni kosa. Chui dume aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 200. Nyumba yenye ukuta wa tofali za kuchoma na mlango wa mbao haimtoshi.

Mbona wasifugwe kwa wingi kama kuku, wakaacha kuwindwa porini?

Wanafugwa. Katika China, Thailand, Laos na Vietnam kuna zaidi ya 8,000 kwenye mabanda, idadi inayozidi wote walio porini. Ujangili haukukoma. Mfupa wa bandani unafunika biashara ya mfupa wa porini, kwa kuwa ukishachemshwa hakuna anayeutofautisha, na wapo wanunuzi wanaoamini wa porini una nguvu zaidi. Mwaka 2007 nchi za CITES zilikubaliana kwamba chui milia wasizalishwe kwa ajili ya kuuza viungo vyao.

Ni kiasi gani, na nitalipaje kutoka huku?

Viwango vinatofautiana kwa shirika na kwa kifurushi. Cheti cha kielektroniki kitupu ni nafuu kuliko kifurushi chenye mdoli. Mashirika mengi ya ng'ambo hayapokei M-Pesa moja kwa moja. Utahitaji kadi ya Visa au Mastercard ambayo benki imeifungulia manunuzi ya mtandaoni, au kadi pepe inayotolewa na mtandao wako wa simu. Weka salio la ziada kidogo: kuna makato ya kubadilisha fedha, na bei ya dola ya benki si ile uliyoiona asubuhi kwenye taarifa ya habari.

Ushauri wangu kwa mkulima: lipa mara moja kwa mwaka, usijifunge na malipo ya kila mwezi. Huku kwetu hela inakuja kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba watu wanatembea wima. Ikifika Machi kila mtu anahesabu sarafu. Malipo ya kila mwezi yatakukuta Machi. Kabla ya kuthibitisha, angalia vizuri kisanduku cha malipo kipo kwenye mara moja au kila mwezi.

Mdoli na cheti vitafika Mtwara?

Baadhi ya mashirika hayatumi vifurushi nje ya nchi zao, kwa hiyo soma masharti. Yanayotuma, kifurushi kitakuja kupitia Posta na kinaweza kutozwa ushuru wakati wa kukichukua. Mimi huwa nawaambia watu wachague cheti cha kielektroniki. Unakwenda nacho steshenari, kinachapwa kwa rangi kwenye karatasi ngumu, kinapigwa lamineshini, na kinadumu kuliko kile cha kuletewa bahasha iliyolowana. Waambie wachape kwa ukubwa halisi. Cha klabu yetu kilivutwa kujaza karatasi, na chui akawa mnene kama kiboko.

Wanafunzi au kikundi wanaweza kuasili kwa pamoja?

Ndiyo, cheti kinaweza kuandikwa jina la darasa, klabu au kikoba. Kwa shule, mwalimu mkuu ajue, michango iwe ya hiari kabisa, na risiti ibandikwe jirani na cheti. Mtoto asiyetoa asitajwe. Tarehe 29 Julai ni Siku ya Chui Milia Duniani, siku nzuri kwa mdahalo; mada ya "tembo au mahindi" haijawahi kupoa.

Naweza kuihesabu kama zaka?

Zaka ina makundi manane ya wanaostahiki, yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Chui milia hayumo. Sadaka ni mlango mwingine. Zungumza na shehe wako.

Je, kuna wanyama wa hapa kwetu ninaoweza kuwasaidia badala yake?

Wapo, na sitamlaumu atakayeanza nao. Msitu wa Rondo, Lindi, una komba mdogo anayeitwa kwa jina la msitu huo. Ana uzito wa gramu 60 hivi, anaruka usiku kwenye miti, na amewahi kuwekwa kwenye orodha ya nyani, tumbili na komba 25 walio hatarini zaidi duniani. Anapatikana pia kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, kama Litipo na Ziwani. Hana mdoli wala cheti. Ukimtaja, hata watu wa Lindi mjini wanakuuliza ni kitu gani hicho. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mpango huu wa kuasili: mnyama mwenye sura nzuri anapata walezi, mwenye macho makubwa na mwili wa kutosha kiganjani anasahaulika.

Kasa wanataga Msimbati na fukwe nyingine za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukiwa huko, usinunue nyama wala mayai ya kasa, na ukiona nyayo zake mchangani waambie watu wa hifadhi. Huo ni msaada usiohitaji kadi ya benki.

Ukitaka kuona uhifadhi unaomlipa mwananchi, nenda Kilwa. Vijiji vinavyofanya kazi na shirika la MCDI vinamiliki misitu yao na kuuza magogo ya mpingo kwa utaratibu. Mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC cha misitu inayovunwa kwa uangalifu. Liwale kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Magingo, inayopakana na eneo la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Selous hiyo hiyo, pamoja na Mikumi, ilipoteza tembo kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi karibu 13,000 mwaka 2013 kwa ujangili. Waliobaki na kuongezeka ndio hao wanaokuja shambani kwako. Pilipili kwenye kamba za uzio na mizinga ya nyuki vinasaidia kuwazuia, na vyote viwili ni vitu ambavyo kikundi cha kijiji kinaweza kuombea fedha.

Chui niliyemwasili akifa?

Kama ni aina ile ya jumla, cheti chako hakibadiliki. Kama ni mnyama mwenye jina katika kituo, shirika litakuandikia na kukupa nafasi ya kuhamia kwa mwingine au kusitisha. Wanyama wa vituoni wengi waliokolewa wakiwa wazee au wagonjwa, hivyo usishangae.

Nikitaka kuacha, nifanye nini?

Ukilipa mara moja, huna cha kufanya. Muda wako ukiisha watakutumia barua pepe ya kukuomba uendelee, nawe unaweza kunyamaza. Ukiwa kwenye malipo ya kila mwezi, waandikie shirika kusitisha kabla ya tarehe ya makato, kisha thibitisha na benki au mtandao wako kwamba makato yamefungwa kweli. Kuchana cheti hakusitishi makato. Kadi pepe ukiiacha bila salio, malipo yatakataliwa yenyewe, lakini ni ustaarabu kuwaandikia mstari mmoja.